Ijumaa Tulizopanga Safari ya Jarash

Vitunguu vikianza kukaangwa nyumbani kwetu Ansab, nilijua ni Ijumaa kabla sijafumbua macho. Harufu ile ilipita chini ya mlango wa chumba chetu, ikachanganyika na ya udi ambao Bibi, mama yake baba yangu, alikuwa akijifukiza tangu alfajiri, na ya mvuke wa pasi iliyokuwa ikipita juu ya kanzu za Baba. Wenzangu wakiikumbuka harufu ya vitunguu vya pilau hutabasamu, wakaanza kusifia mapishi ya mama zao. Mimi huchoka. Wallahi nachoka mwili mzima, kana kwamba ni mimi niliyesimama mbele ya sufuria lile, maana pua yangu haikumbuki pilau peke yake. Inakumbuka na mgongo wa Mama ulivyoinama, na kitambaa alichojifunga kichwani ili nywele zisinuke, kwa sababu enzi zile shule zilifungua wiki siku ya Jumamosi na yeye alikuwa mwalimu. Hakutaka kuingia darasani akinuka jiko. Alikuwa akisema kwamba wasichana wa shule wana pua kali kuliko paka, na kwamba wakishamnusa mwalimu wao hawamsikilizi tena.

Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa nyumba kubwa, si kwa vyumba, bali kwa sababu Bibi alikaa na sisi. Baba alikuwa kifungua mimba wake, na kwa watu wa kwetu, tuliotoka Unguja tukarudi Omani na Kiswahili chetu mdomoni, anapokaa mama ndipo wanapokusanyika wote. Kila Ijumaa wanaume wakitoka msikitini, magari yalijipanga nje mpaka kwenye ukuta wa jirani. Alikuja Ami Nassor, mdogo wake Baba, na mkewe na watoto. Alikuja Shangazi Raya, dada yao, na watoto wake, wengi zaidi. Viatu vilijaa kizingitini hadi mtu hajui pa kukanyaga. Na chakula cha jamii yote hiyo, tangu kuchagua mchele hadi kuosha sinia la mwisho, kilikuwa mikononi mwa Mama. Wageni walileta matunda, walileta halwa, walileta maneno mazuri. Mashaallah Bi Zuwena, mikono yako haina mfano. Kisha wanajinyoosha kwenye majlisi, chumba cha wageni, na kungojea kahawa.

Mama akisomesha historia. Katika kitabu cha darasa la juu palikuwa na picha ndogo, hafifu, ya nguzo za mawe zilizojipanga pande mbili za barabara, na chini yake yameandikwa maneno machache kwamba huo ni mji wa Jarash, huko Jordan, uliojengwa zama za Warumi. Picha yenyewe ilikuwa mbovu mno, nguzo za nyuma zilionekana kama meno ya kitana. Lakini Mama aliipenda. Kila mwaka akifika ukurasa ule wasichana walimwuliza, "Abla, umewahi kufika?" maana hivyo ndivyo wanafunzi wa huku wanavyomwita mwalimu wa kike, na kila mwaka alijibu kwamba bado. Mwaka mmoja msichana akamwuliza kama mtu akiikumbatia nguzo moja mikono yake itakutana upande wa pili. Mama hakujua. Alirudi nyumbani na swali hilo, akalizungumza mezani, akalizungumza tena wakati wa kutupigia pasi sare, mpaka Baba akacheka na kumwambia kwamba kama ni kukumbatia, yeye yupo. Mama naye akacheka, lakini swali halikumtoka. Ilimuudhi kusomesha kitu asichokijua unene wake.

Basi shuleni kwake alikuwapo mwalimu wa hesabu, Mjordani, tukimwita Abla Hanan. Kwao kulikuwa Irbid, na kutoka Irbid hadi Jarash, alisema, ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Siku moja akamwambia Mama, njooni likizo ya kiangazi, nyumba yetu ni yenu, mimi mwenyewe nitakutembeza jiwe kwa jiwe. Naikumbuka siku hiyo kwa sababu Mama aliingia nyumbani akaivua baibui yake na kuiweka juu ya kiti, hakuitundika, jambo ambalo sisi tukilifanya tulikuwa tukikaripiwa. Alikaa pale pale na mkoba mapajani akamngoja Baba. Mama hakuwa mtu wa kuomba. Hakuomba dhahabu, hakuomba kubadilishiwa mapazia, hakuomba mtumishi wakati wenziwe wote wanao. Siku hiyo aliomba. Na Baba, Mungu amrehemu, mtu mwenye moyo laini, alikubali kabla hajamaliza kuvua kofia. Akasema tutakwenda kwa gari, sisi wanne tu, yeye na Mama na mimi na mdogo wangu, tukate Imarati, tukate Saudia, tuingie Jordan, tuwaone hao Warumi.

Jioni ile Mama aliimba akikanda unga. Mimi nilikuwa na umri wa kuweza kubeba trei ya vikombe bila ya kumwaga, na sikuwahi kumsikia akiimba jikoni siku ya kazi. Nilifurahi bila ya kujua vizuri nafurahia nini. Nilichojua ni kwamba tutakwenda mahali mbali, na kwamba Mama anapataka.

Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula, Baba akaitoa habari. Alipaswa kuitoa, kusafiri kimya kimya ni kuwaudhi watu. Akasema, inshallah kiangazi tunakwenda Jordan, Bi Zuwena ana hamu ya kuona magofu ya Warumi. Na kwa vile wameketi watu mbele yake, akasema na neno ambalo kwetu halina budi kusemwa: "Basi tufuatane!" Neno hilo ni adabu. Ukiwa unakula humwambii mtu aliyeingia isipokuwa karibu, na ukiwa unasafiri humwambii isipokuwa tufuatane. Na jawabu lake kila mtu analijua tangu utotoni: ahsante, nendeni salama, mtufikishie salamu. Hapo kila mmoja amefanya lake, mambo yamekwisha, mtu anajiendea zake na mkewe na wanawe.

Shangazi Raya akaiweka chini finjani yake, akasema, "Lini?"

Hata leo nikilikumbuka neno hilo moja nataka kucheka na nataka kulia. Shangazi hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mjane kijana, amefungika na watoto, ameambiwa tufuatane, akaona mlango umefunguliwa. Angelaumiwaje? Baba akababaika kidogo, akasema tarehe. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Akatabasamu, akamjazia Shangazi finjani. Na Bibi, aliyekuwa amelala ubavu kwenye mto wake na sisi sote tukidhani kapitiwa na usingizi, akafumbua macho akauliza, "Na mimi mtaniacha na nani?"

Tangu siku hiyo safari haikuwa ya Mama tena. Ikawa ya Ijumaa. Kila wiki baada ya pilau ramani ilitandazwa kwenye zulia, ikashikizwa pembe kwa mafinjani na kwa chetezo cha Bibi, na wanaume wakainama juu yake. Ami Nassor alijipa ukuu wa msafara. Gari moja limekuwa mawili, na mawili yakawa matatu mkewe Ami aliposema naye ana ndugu zake waliosikia. Palizungumzwa matairi, palizungumzwa petroli, palizungumzwa nani apande na nani na mtoto gani hutapika njiani. Bibi alitaka lichukuliwe jiko la gesi na gunia la mchele, maana nani anajua huko wanakula nini. Akataka na achari ya ndimu, na papa mkavu, na sufuria kubwa. Shangazi Raya akaongeza birika. Mimi nikipita na vikombe nikasikia sufuria likitajwa, na nikamtazama Mama. Sufuria lile nalijua. Alikuwa akipanga kwenda na mkoba mmoja na viatu vya kutembelea.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Mama aliisikia safari yake vipande vipande. Hakupata kukaa. Alikuwa akiingia na kahawa, akatoka kufuata tende, akaingia na chai ya tangawizi kwa wasiokunywa kahawa, akatoka kumwangalia mtoto aliyeanguka uani. Kila akirudi kitu kilikuwa kimebadilika. Ametoka siku za Jarash ni tatu, amerudi ni mbili, wamempunguzia kama mtu anayepunguziwa nyama sahanini, na hapana anayemwambia. Akauliza mara moja, akiwa bado amesimama, kama Abla Hanan ameshaambiwa kuwa sasa tunakuja watu wengi hivi. Ami Nassor akamjibu kwa uchangamfu, "Shemegi, wewe usitaabike, sisi tutapanga kila kitu." Na alikuwa anasema kweli. Walipanga kila kitu.

Ijumaa iliyoamua mambo ilikuwa ya joto kali, kiyoyozi cha majlisi kikiunguruma na kutema maji. Ami alikuwa akiipitisha kalamu yake barabarani, kutoka mpakani hadi Riyadh, na Bibi akisogea karibu kutazama. Bibi hakuwa akijua kusoma ramani, lakini majina ya Kiarabu alikuwa akiyasoma. Akauliza Makka iko wapi. Ami akamwonyesha. Bibi akaupima mwanya kwa mkono wake, tangu kidole gumba hadi cha kati, kutoka Riyadh hadi Makka, na ukatosha shubiri moja na kidogo.

"Kumbe karibu hivi?" akasema. "Nyie mna akili? Tuipite Makka hapa, ubavuni kwetu, tuiache, twende kutazama mawe ya makafiri?"

Mtu gani angesema nini? Bibi alikuwa amehiji mara moja tu, zamani, kwa meli, bado msichana, na hakuwa na tamaa nyingine iliyobaki duniani. Macho yake yalikuwa yameshajaa. Baba akasema kwa haraka kwamba bila shaka, tutaanza Umra, hija ile ndogo, kisha tutaendelea juu. Shangazi akasema na Madina je, nani anayefika Makka akarudi bila ya kumzuru Mtume? Sote tukamsalia Mtume. Ami akazichukua siku zote alizokuwa amezipanga na kuzigawa upya, na alipomaliza akasema Jarash tutaipitia, nafasi ikipatikana. Mama alikuwa katikati ya chumba na trei. Nilikuwa nyuma yake na sukari, sikuuona uso wake. Nilimsikia tu akisema, "Kheri, inshallah," kwa sauti ile ile anayowajibia wageni wanaosema pilau limekolea chumvi.

Jioni, baada ya magari kuondoka, Baba alikuwa nje akiliosha gari na Mama akamfuata. Nilikuwa nikikusanya nguo kwenye kamba. Alimwambia taratibu, bila ya ugomvi, kwamba Nassor ana gari na ana moyo, basi yeye amchukue Bibi na Raya, waende Umra kwa raha zao, na sisi wanne tushike njia yetu kama tulivyokusudia. Baba akaufunga mpira wa maji. Akasema, "Zuwena, watu watasemaje? Mama yangu anakwenda nyumba ya Mungu na mwanawe mdogo, na mimi mkubwa nimekwenda kutembea?" Baba akasema mwakani, akasema wallahi mwakani, akaapa na mkono wake wenye povu juu ya kifua. Alikuwa anamaanisha. Nilimjua baba yangu, aliumia kuliko alivyoweza kusema. Lakini alikuwa mwana wa mtu kabla hajawa mume wa mtu, na kwetu hesabu hiyo haina mjadala.

Siku ya pili yake nilimkuta Mama jikoni anachagua mchele. Nikamwuliza, kitoto, kama amenuna. Akainua uso akanitazama muda, na vidole vikiendelea kutafuta mawe bila ya macho.

"Siwezi hata kununa," akasema. "Nnunie nini? Nnunie nyumba ya Mungu? Mtu anapelekwa Makka halafu anavimba mashavu kwa ajili ya magofu? Astaghfirullah." Akapepeta, akaupuliza mchele. "Wangenipeleka pengine popote, mwanangu, ningegombana nao mpaka wakakoma."

Sikuelewa vizuri wakati ule. Leo naelewa mno. Walikuwa wamemnyima kitu kwa kumpa kikubwa zaidi, na mbele ya zawadi kama ile mtu anabaki na shukurani tu mdomoni. Na Mama alikuwa mcha Mungu kweli, akiamka kabla ya adhana, akiomba Umra katika dua zake kama Mwislamu yeyote. Alitaka yote mawili, basi. Alitaka kwenda Makka kama waja wote, na alitaka kwenda Jarash kama Zuwena.

Tukaenda. Nisiwe mkosefu wa fadhila, ile ilikuwa safari ya baraka, na uso wa Bibi alipoiona Kaaba sijauona tena kwa mtu mwingine. Alilia kama mtoto aliyepotea akaonekana. Mama ndiye aliyemsukuma katika kiti cha magurudumu, tawafu ya kuizunguka Kaaba na saayi ya kwenda na kurudi baina ya vilima viwili, kwa joto ambalo marumaru yenyewe yalikuwa kama yanapumua. Usiku tukifikia vyumba vya kukodi, jiko la gesi likatolewa, gunia likafunguliwa, na mwenye kupika mnamjua. Madina miguu ya Bibi ikavimba. Ami Nassor akakumbuka kwamba likizo yake inamalizika kabla ya yetu na kwamba msafara haugawanyiki. Hapana aliyeitisha kikao cha kuifuta Jarash. Haikufutwa. Iliachwa tu, kama kitu kilichosahauliwa juu ya paa la gari.

Tulipotoka Madina tulifika kwenye njia panda ya barabara kuu, penye kibao kikubwa cha kijani chenye mshale wa kaskazini. Watoto wote walikuwa wamelala, mimi tu niko macho, nimebanwa dirishani. Mama akakisoma kibao kwa sauti. "Tabuk," akasema, kama anayeita jina la mwanafunzi kwenye mahudhurio na hapana anayeitika. Tabuk ndiyo njia ya kwendea Jordan. Baba akawasha taa ya kugeuka, gari likageuka kulia, na Bibi nyuma yao akaanza kuuliza kama mchele uliobaki utatosha mpaka nyumbani.

Nyumbani nako hakukuwa kupumzika. Watu wakaja kutupongeza, Umra makbula, Umra makbula, wiki nzima na zaidi, na kila aliyekuja alikaa, na kila aliyekaa alikula. Siku moja katikati ya wageni hao Mama alikwenda kwenye simu ya ukumbini akampigia Abla Hanan. Nilimsikia akizungumza Kiarabu chake cha darasani, kile safi, akiomba radhi. Mama yake Hanan, kumbe, alikuwa ameshayakunja majani ya mizabibu yaliyojazwa wali kwa ajili yetu, na alikuwa ameosha magodoro. Mama akasema mwakani. Lakini mwaka uliofuata mkataba wa Abla Hanan haukuongezwa, akarudi kwao moja kwa moja, na mwaka mwingine Bibi alianza kuugua, na mwingine Baba akanunua kiwanja, na mwingine sijui kulikuwa na nini. Pamekuwa na kitu kila mwaka. Nilipofika darasa la juu nikakaa mbele ya Mama mwenyewe kama mwanafunzi wake, nikaungojea ukurasa ule kwa hamu. Aliusoma kama mtu anavyosoma bili ya umeme, akapindua.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina wanangu, nyumba yangu iko Mabela, kwenye mitaa mipya ambayo miti yake bado inafungwa na vijiti isianguke. Bibi ametangulia, na Baba ametangulia. Mama anakaa na mimi. Safari siku hizi hazina ramani wala zulia. Mtu anajikunja kitandani na simu, kidole kinapanda na kushuka, asubuhi yuko uwanja wa ndege. Hapana anayemwambia mwenzake tufuatane. Binamu zangu wanakwenda na kurudi kutoka nchi ambazo sisi tulizijua kwa picha mbovu za vitabuni, na mimi napata habari zao pale wanaponyoosha mikono na kujipiga picha mbele ya minara. Watoto wangu wanaona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Nikiwahadithia kwamba tulikuwa tukipanga safari miezi, watu ishirini, kila mtu na neno lake, wananiuliza kwa nini hamkwenda peke yenu. Kuna siku naitamani ile majlisi na kelele zake, na kuna siku nikikumbuka trei ile nashukuru kwamba kila mtu yuko kwake na mlango umefungwa. Nimechoka na zama zile na nimechoka na hizi, na sijui ni kipi kinachonichosha zaidi, wingi ule wa watu au upungufu huu.

Ila Ijumaa hazikufa. Mama sasa ndiye mkubwa aliyebaki, basi magari yanakuja kwangu Mabela. Hayajai mtaa kama zamani, lakini yanakuja. Nina msichana wa kazi kutoka Tanga, ana mikono mepesi na moyo mwema, na bado Mama, na magoti yake yanayomuuma, anashika ukuta anakwenda jikoni kwa sababu hapana anayejua kiasi cha bizari isipokuwa yeye. Namwambia Mama kaa. Anasema nnakaa, nnakaa, na hakai.

Ijumaa ya juzi nilimtangulia. Niliamka mapema, tukapika mimi na msichana, na kabla ya adhana nikamfuata Mama chumbani na simu yangu mkononi. Nilikuwa nimeshatazama tiketi. Mwendo wa ndege hadi Amman ni mfupi, na kutoka hapo gari la kukodi, na hoteli ipo. Nikamwambia twende, Mama, mimi na wewe tu, hapana atakayejua mpaka tumerudi. Nikamwonyesha picha, na picha za siku hizi mashaallah, unaona hadi nyasi baina ya mawe. Akavaa miwani. Akazitazama moja moja, akaikuza moja kwa vidole viwili, akanieleza kwa nini vichwa vya nguzo zile vimechongwa majani, na kwamba barabara ile haikunyooka kwa bahati. Sauti yake ya darasani ilirudi, na mimi nikasema moyoni leo nimempata. Kisha akanirudishia simu.

"Mazuri," akasema. "Nilikuwa nnayataka wakati ule, mwanangu. Nikiyataka mpaka mifupa inaniuma. Nikilala nnayaota, nikiamka nnapika." Akaivua miwani. "Sasa yamenitoka. Usinikasirikie."

Nikamwuliza, nikijizuia nisilie mbele yake, sasa anataka nini basi, kitu gani katika dunia nzima, mimi nimpatie. Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakuwahi kuulizwa.

"Nnataka Ijumaa moja," akasema, "nilale mchana, na mtu asibishe hodi."

Nikamfunulia kitanda. Nikashusha mapazia, nikawasha kiyoyozi kidogo kidogo kama anavyopenda, nikamfunika miguu. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshapitiwa na usingizi, mdomo wazi. Nikaufunga mlango nikakaa kwenye kiti sebuleni, na wanaume wakatoka msikitini, na muda si muda nikasikia gari limesimama nje. Nikatoka kizingitini kabla kengele haijalia. Alikuwa Shangazi Raya, mzee sasa, fimbo mkono mmoja na bakuli la halwa mkono mwingine, na wajukuu wanamfuata nyuma.

"Hodi wenyewe! Bi Zuwena yuko?"

"Hayuko, Shangazi," nikasema. "Kasafiri."

"Kasafiri? Kenda wapi asituage?"

"Kenda Jarash."

"Na nani?"

"Peke yake."

Shangazi akavitazama viatu vya Mama, vile vyake vya kila siku, vimekaa pale pale miguuni pangu. Akanitazama mimi. Wajukuu walikuwa wameanza kuvua vyao, akawazuia kwa fimbo, akawaambia warudi garini. Akanikabidhi bakuli la halwa, na mkono wake ukabaki juu ya wangu muda kidogo, mkavu na mwepesi.

"Basi mwambie asiharakishe kurudi," akasema, akageuka na kuanza kushuka ngazi polepole, huku ameshika ukuta.